Mkufu Uliopanda Chunguni

Toribio alimkuta Don Fadrique amesimama mbele ya tangazo la mchezo, kona ya Mtaa wa Msalaba, akisoma jina lake mwenyewe. Shingoni alikuwa na mkufu mnene wa dhahabu. Toribio, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kufanya kazi ya kumtoa jasho, aliutazama mkufu ule kwa mapenzi ya dhati, akaona umekosea shingo.

Kuna jambo ambalo Madrid nzima ililiamini kuliko mahubiri ya Ijumaa Kuu: mchezo wa kuigiza huuawa na fundi viatu. Michezo ilichezewa katika ua usio na paa, na wanaume waliosimama humo, juani, walikuwa na kiongozi wao, fundi viatu. Yeye akipiga mluzi, ua mzima unapiga mluzi, na mtunzi anahama mji. Mji wa mfalme, maaskofu na mabalozi, halafu hukumu ya ushairi wamemwachia mtu anayenuka gundi! Wala hakuna aliyeona ajabu.

Basi Toribio akaazima aproni ya ngozi, akajipaka nta vidoleni, akamwendea.

"Mheshimiwa ndiye mtunzi?"

"Ndiye. Na wewe nani?"

"Mimi fundi viatu tu, bwana wangu." Akainamisha macho kwa unyenyekevu. "Wa pale uani."

Don Fadrique akavua kofia. Kijana ambaye kondoo wa baba yake hawahesabiki aliivulia kofia aproni ya kuazima.

"Fundi! Umesikia nini kuhusu mchezo wangu?"

"Mengi, na mengine sitayarudia mbele ya muungwana. Vijana wangu wana njaa, bwana. Mwenye njaa hupiga mluzi hata mazishini."

"Kama ni fedha..."

"Fedha tena? Usinivunjie heshima." Toribio akautazama mkufu, akahema. "Zawadi ya rafiki kwa rafiki, hiyo sawa."

Don Fadrique hakuwa mjinga moja kwa moja. Alikuwa mjinga wa kiasi. "Nitakuvisha mwenyewe," akasema, "mchezo ukiisha bila mluzi hata mmoja."

Hapo Toribio akaingiwa na huzuni. Alikuwa amepanga kuwa njiani kwenda Toledo kabla mchezo haujaanza. Sasa ilimbidi afanye kazi.

Siku ya mchezo akazunguka uani, akinong'ona sikio hadi sikio. Mwishoni, alisema, yule mcheza ngoma mwenye nywele nyekundu atacheza ngoma ile waliyoipiga marufuku mapadri, tena miguu wazi hadi magotini. "Lakini nyamazeni, jamani. Askari akisikia kelele, anafunga ua, na magoti tutayaona ndotoni."

Wanaume wakanyamaza kama watu walio kwenye misa. Katika sehemu ya kwanza mfalme alililia kaburi la mkewe mpaka yule aliyeigiza maiti akapiga chafya. Uani hawakuthubutu kucheka. Walipiga makofi ili aharakishe kulia. Nyuma ya kimia cha dirisha la chini alilokodi, lililotazama ua, Don Fadrique aling'aa uso.

Ndipo tango likashuka kutoka juu, likamvua mfalme taji. Likafuatwa na mlio mkali wa ufunguo unaopulizwa kama filimbi, kisha mwingine.

Toribio alikuwa amewasahau wanawake.

Wanawake walikaa juu, peke yao, katika roshani ambayo mji wote uliiita Chungu, kwa jinsi walivyoshindiliwa humo. Walikuwa na mlango wao, uliotazama mtaa mwingine, na askari wa kuulinda. Mwanamume akitia mguu mle, anakwenda jela. Wenye ruhusa ya kupita juu na chini walikuwa wauza matunda, na kati yao Toribio alimwona Casilda, muuza lozi na machungwa. Akamvuta mpaka dirishani kwa Don Fadrique.

"Dada yangu, wanyamazishe wale. Nitakukumbuka."

Casilda akamtazama aproni, halafu akamtazama miguu. Kiatu cha fundi viatu kilikuwa kimeachama, kidole kinachungulia. Casilda alikiona, akatabasamu, akageukia dirisha na mkufu uliong'aa nyuma ya kimia.

"Bwana mtunzi, huyu fundi ni wa wanaume. Chunguni wana masharti yao. Wanataka mkufu wenyewe, huko juu, wauone."

"Ahadi haitoshi?" aliuliza Toribio kwa haraka.

"Hee! Ahadi za wanaume wamelipwa maisha yao yote, kaka. Leo wanataka dhahabu."

"Bwana wangu, usimpe!"

Lakini funguo zililia tena, na Don Fadrique alikuwa ameshavua mkufu. Casilda akauzika kikapuni, chini ya lozi. "Nitaurudisha, fundi," alisema kwa upole.

Huko juu aliwaambia kwamba mtunzi ni bwana harusi aliyeachwa kanisani mwezi uliopita. Chungu kizima kikalia machozi mpaka mwisho.

Mchezo ukaisha. Mfalme akafa, wote wakafa, na ngoma haikutokea.

"Magoti yako wapi?" mtu akapaza sauti.

"Muulizeni yule fundi wa aproni!"

"Fundi yupi?" Aliyeuliza alikuwa Roque, fundi viatu wa kweli, mwenye kifua kipana, ambaye desturi yake ilikuwa kuja mwishoni tu kutoa hukumu. "Fundi hapa ni mimi!"

Toribio akarukia jukwaani. Roque nyuma yake, wakazunguka kiti cha enzi, wakaruka maiti, na maiti nazo zikainuka kukimbia. Ua ukapasuka kwa vicheko na makofi ambayo Madrid haikuwahi kuyasikia. Don Fadrique akatoka machozi yakimtiririka, akainama mbele ya watu tena na tena. Mpaka leo anaamini makofi yale yalikuwa yake.

Roque alipomkaba, Toribio alikuwa akitazama juu. Casilda alijitwika kikapu, akatoka taratibu kwa mlango wa wanawake.

"Unajiita fundi?" alifoka Roque. "Basi utashona kwangu mpaka uwe fundi. Ukitoroka, nawatuma hawa uliowadanganya wakutafute."

Kesho yake Casilda akaja dukani na viatu mkononi. Joto lilikuwa kali, lakini alijifunga shali mpaka kidevuni.

"Soli mpya, fundi. Ngumu. Nahamia Sevilla."

"Mkufu wangu," Toribio akanong'ona.

"Wako? Sema kwa sauti basi, bosi wako asikie uliupataje."

"Unanong'ona nini na mteja?" akauliza Roque kutoka ndani.

"Hakuna, bwana."

Akachukua sindano. Alishona akilaani kila tundu, na kwa bahati mbaya soli zikatoka nzuri kabisa.