Kopo Chini ya Kichanja cha Mama Mkwe

Jumatatu, 14 Julai

Wazo limekamilika! Mimi, Placidi wa Maguu, mkulima wa kahawa kwa kuzaliwa na mtu wa mipango kwa kipaji, nitaleta utalii Ziwa Nyasa.

Kuna mchezo unaochezwa dunia nzima. Mtu anaficha kopo mahali, anaweka mtandaoni namba za mahali hapo, wengine wanalifuata kwa ramani ya simu. Wakilipata wanachukua kijizawadi, wanaacha kingine, wanalirudisha palepale. Basi! Hakuna jengo, hakuna wafanyakazi. Na visiwa tunavyo.

Njia nimeshaipanga, ya bei rahisi kuliko zote. Baiskeli hadi Mbamba Bay, mteremko mtupu. Meli kwenda kaskazini. Mtumbwi hadi kisiwani. Kulala na kula kwa wakwe zangu Mbaha. Naanza peke yangu, naweka kopo la kwanza, napiga picha. Wageni watakuja wenyewe.

Mke wangu Scholastica kauliza nani atavuna kahawa. Nimemwambia kahawa haikimbii. Akasema inaanguka. Mawazo madogo! Lakini ndoo alikuwa ameibeba yeye wakati tunaongea, nami nilikuwa nimekaa. Niandike na hilo.

Jumanne, 15 Julai

Mteremko una gharama zake. Mpira wa breki uliisha kabla ya nusu ya njia. Nikafunga breki kwa viatu. Malori ya makaa ya mawe kutoka mgodi wa Ngaka yakanipita, nikawa mweusi hadi masikioni. Nimeingia Mbamba Bay na soli moja.

Meli ilikuwa imeondoka jana. Ratiba niliyokuwa nayo ni ya mwezi uliopita. Nikaomba nafasi kwenye boti ya mizigo, baiskeli ikafungwa juu ya magunia ya mihogo. Sisi watu wa milimani hatujui kuogelea. Niliikumbatia baiskeli njia nzima, nikiamini sijui kwa nini kwamba chuma kitaelea. Nilipoanza kutapika, mama mmoja mwenye kuku alinishikia kichwa. Akawaambia wenzake kwamba Wamatengo wa milimani ni watu wazuri, ila wabaki kwao.

Jumatano, 16 Julai

Mbaha. Nimepokelewa na shemeji yangu Aidan, kaka wa Scholastica. Ana boti ya injini na hasahau kuitaja. Nimemweleza mpango wote. Akacheka hadi akakaa chini. Akauliza mtu atoke Ulaya kufuata kopo kwa ajili ya nini. Wivu.

Mama mkwe wangu, Mama Notburga, ni mjane, anaishi kwa kununua usipa, dagaa wa ziwa hili, wabichi kwa wavuvi, kuwaanika na kuwauza. Kwao mkwe wa kiume hasemi na mama mkwe uso kwa uso. Hamtazami, hali naye, akimwona njiani anashika njia nyingine. Wengi siku hizi wameacha. Yeye hajaacha. Kwa hiyo nalala kwa Aidan, chakula anapika mama, na salamu zinapitia kwa Aidan, ambaye huongeza maneno yake.

Mchana nimevuka na mtumbwi hadi kisiwa kidogo cha mawe kilicho mbele ya mwalo wanakotia nanga wavuvi; kisiwani ndiko wanakoanikia samaki. Kopo la maziwa ya unga, safi. Zawadi nimechagua kwa kubana matumizi: nusu ya kioo, uzi mwekundu, punje chache za kahawa kuwakilisha kwetu Mbinga, na chanuo la zamani la Scholastica, ambalo hatalikumbuka.

Nilikuwa bado natafuta jiwe zuri nilipomwona mama mkwe anakuja moja kwa moja kwangu na ungo kichwani! Njia ya kupita ilikuwa moja. Nikainama, nikasukuma kopo chini ya kichanja cha kuanikia samaki kilichokuwa karibu, nikafunika na kokoto, nikapita majini hadi kiunoni ili nisikutane naye. Heshima nimeitunza. Namba nimezihifadhi. Picha imetoka vizuri, ingawa ni ya goti langu.

Ijumaa, 18 Julai

Siku mbaya.

Mwezi ulikuwa mkubwa wiki nzima, wavuvi wa taa wamekaa tu, maana kwenye mbalamwezi taa haivuti samaki. Jana ndiyo walitoka kwa mara ya kwanza. Wamerudi asubuhi na nyavu tupu. Hata usipa wa kuonja hakuna. Watu walikuwa wamenuna tayari. Ndipo akina mama waliokuwa wanafagia kisiwani wakaja na kopo.

Mzee Jastin, kiongozi wa mwalo, akalifungua mbele ya watu. Kioo kilichovunjika. Uzi mwekundu. Punje zilizokaangwa zikawa nyeusi. Chanuo lenye nywele za mwanamke! Watu wote walirudi nyuma. Nami nilirudi nyuma, na vitu ni vyangu.

Akauliza limetoka chini ya kichanja cha nani. Wakasema cha Mama Notburga.

Sikujua kwamba ni chake. Nilitaka kusema palepale. Mdomoni nilikuwa na muhogo. Huo ni ukweli, lakini muhogo humezwa, na nilipomaliza kuumeza bado sikusema. Neno uchawi lilikuwa limeshatamkwa, tena na watu wenye makasia mikononi.

Jumamosi, 19 Julai

Leo wamepata samaki kidogo. Mama Notburga amekwenda mwaloni na ndoo yake kama kawaida. Hakuna aliyemuuzia. Hawakumtukana. Walisema tu wameshauza, huku samaki wakiwa wanarukaruka kwenye mitumbwi. Kesho baada ya ibada kuna kikao. Ikiamuliwa kopo ni lake, haruhusiwi tena mwaloni wala kisiwani. Atakula nini? Ninajua jibu na sipendi kuliandika.

Kumwambia yeye siwezi, mila hairuhusi. Nimeishika mila hiyo leo kwa nguvu ambayo sijawahi kuwa nayo.

Mpango wa kwanza: kumwambia Aidan. Nikaanza mbali, nikasema nina rafiki yangu mmoja aliyewahi kusahau kopo mahali. Aidan akasema akimjua mtu aliyemfanyia mama yake hivi, atamfunga kwenye chombo chake cha usafiri na kumtupa penye kina. Nikamuuliza kama mvua hunyesha sana huku.

Mpango wa pili: kuficha makopo kama lile chini ya vichanja vyote, kikiwemo cha Mzee Jastin. Kila mtu akiwa na kopo, mchawi atakuwa nani? Mpango mzuri sana. Nilipata kopo la nyanya. Sikuwa na kioo kingine.

Jioni chakula kimekuja. Mama hakuuziwa hata usipa mmoja, lakini kwenye sahani yangu kulikuwa na mbasa mzima, samaki mkubwa aliyekuwa amemweka akiba, na kichwa chake. Aidan kasema mama ameagiza mkwe asilale njaa, amekuja kwa baiskeli.

Nimemmaliza. Nimelia kidogo, kisha nikala na mchuzi.

Jumapili, 20 Julai

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Ibadani katekista alisoma kuhusu ngano na magugu. Nilikaa nyuma ya nguzo. Kikao kilifanyika nje, akina mama upande mmoja, wanaume upande mwingine, kopo katikati juu ya jani la mgomba. Mzee Jastin alizungumza vizuri, hakufoka. Alisema wao si watu wa kupiga mtu, wanataka tu mwenye kitu aseme, kisha aondoke kwa amani. Akauliza mara moja. Akauliza tena.

Niliangalia chini. Nilihesabu vidole vyangu vya miguu kupitia kiatu kisicho na soli. Nikajiambia nitasema akiuliza mara ya tatu.

Kabla hajauliza, Mama Notburga alisimama.

“Kopo ni langu,” alisema.

Aidan aliruka, akamwuliza mama yake anasema nini. Mama alikuwa anatazama chanuo. Ndipo Aidan naye akalitazama, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba chanuo lile alilichonga marehemu baba, wiki ile aliyoolewa Scholastica, na kwamba hayapo mawili duniani.

Kwa hiyo alijua! Tangu Ijumaa alijua limetoka nyumbani kwangu. Hakujua nimelileta kwa ajili ya nini, na kwa mila hakuweza kuniuliza. Akaona afadhali aitwe mchawi yeye kuliko binti yake aambiwe ameolewa na mchawi. Na mbasa alinipikia jana, akiwa anajua.

Sijawahi kuona aibu kama ile. Ilinishika hadi kwenye meno. Nikasimama, na kwa kuwa nilichanganyikiwa sikupitia kwa Aidan, sikupitia kwa mzee. Nilikwenda moja kwa moja mbele yake, nikamtazama usoni.

“Mama, si lako. Nimeliweka mimi.”

Watu waliguna kwa nguvu. Baadaye nimeambiwa hawakugunia kopo. Waligunia kwamba mkwe amemsemesha mama mkwe hadharani, na macho wazi! Yeye alijifunika uso na kanga.

Maelezo yalikuwa marefu. Nilionyesha simu. Mtandao haukuwepo, ramani ikabaki nyeupe. Nilionyesha picha, wakaona goti. Mzee Jastin alisikiliza hadi mwisho, akauliza wageni wangapi wameshacheza mchezo huu hapa. Bado, nikasema. Akauliza tena, kwa upole, mgeni huyo akitoka kwao hadi hapa, kipande cha kioo anakwenda nacho wapi. Nikakitazama kioo. Jibu nalitafuta hadi sasa.

Hukumu imetoka haraka. Kwa kopo: kesho nigeuze usipa kwenye vichanja vyote. Kwa kumsemesha mama mkwe: kuku na kanga mpya. Adhabu ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza na kila mtu aliona ni haki. Mzee Jastin na wenzake walimwomba Mama Notburga radhi mmoja mmoja. Alizipokea zote, akawauliza kama kesho watakuwa na samaki.

Kisha akalichukua chanuo, akalifuta kwa kanga, akampa Aidan. Aliongea polepole, na nilikuwa hatua chache tu.

“Mwambie mkwe amrudishie mke wake. Habari nyingine asimpelekee. Ana kahawa ya kuvuna, asije akashindwa kulala.”

Aidan akanigeukia, akarudia neno kwa neno. Kwa mara ya kwanza hakuongeza lake.

Jumatatu, 21 Julai

Nimegeuza usipa kutwa nzima. Wamejaa sana, mwaka huu hawajawahi kupata hivi. Wapo wanaosema kopo lilikuwa na baraka. Nimewasihi wasiseme hivyo, ingawa sikusihi sana.

Kichanja cha Mama Notburga nilikianza na nikakimalizia. Yeye alikaa mbali amenipa mgongo. Nilikohoa kwa heshima. Akakohoa. Aidan alikuwa kwenye boti, hakuna wa kutafsiri. Nadhani nimesamehewa. Sistahili. Hili naandika bila mzaha.

Jumatano, 23 Julai

Milima niliyoiteremka nimeipanda nikisukuma baiskeli. Harufu ya usipa haitoki. Mbwa wawili wamenisindikiza kutoka Mbamba Bay hadi karibu na nyumbani, mmoja bado yupo uani.

Kahawa imeanguka. Scholastica ameiokota, amechambua nzuri na mbaya, mikono yake imekuwa myeusi. Nikampa chanuo. Kaliangalia muda mrefu, kasema alidhani limepotea, amelitafuta wiki nzima chini ya kila kitanda kwa sababu ni la baba yake. Akauliza mama hajambo. Nikasema hajambo, anakusalimia. Akafurahi sana. Nikatoka nje nikakaa na mbwa.

Alhamisi, 24 Julai

Nimetafakari. Aibu bado ninayo na nitakuwa nayo. Lazima mtu ajifunze, nami nimejifunza: tatizo lilikuwa ziwa. Watu wa majini wana hofu zao. Mchezo huu ni wa milimani! Huku watu wameelimika.

Jirani yetu Luisa, mjane, ana shamba zuri la ngoro, yale mashimo tunayochimba mteremkoni kuzuia udongo, linaonekana hadi barabarani. Mgeni yeyote atapenda kushuka shimo hadi shimo akitafuta. Tena kahawa yake mwaka huu imekauka matawi bila sababu inayojulikana, na juzi ng'ombe wake kafa. Wageni watamfariji.

Leo asubuhi, akiwa kwenye misa, nimefukia kopo kwenye shimo la katikati kabisa. Sijamwambia bado, nataka afurahi ghafla. Na safari hii nimekuwa makini na zawadi. Hakuna kioo, hakuna uzi mwekundu, hakuna chanuo la mtu. Nimeweka vitu visivyoweza kumtisha mtu yeyote: kipande cha mshumaa, manyoya ya jogoo mweusi, na picha ndogo ya Luisa mwenyewe, ili ajue kwamba tumemshirikisha.