Kamera Mbili Shingoni

Wasee, leo nimepatikana. Nimepatikana hadi sasa nikiandika hii magoti bado yananiuma.

Wacha niwaeleze mimi mwenyewe kabla Otieno hajawafikia, kwa sababu najua ataongeza chumvi. (Haihitaji chumvi. Ningependa sana ihitaji.)

Mnajua mimi hupigia picha timu ya mpira wa kikapu ya akina dada wa hapa Mountain View. Mechi zao ni jioni, ndani ya ukumbi wa kanisa wenye taa za kubahatisha. Kamera yangu mchana ni simba. Jioni ni kipofu. Wiki jana nilimpelekea Kochi Nafula picha za nusu fainali. Akachukua moja, akaigeuza juu chini, akaniuliza, "Mburu, huyu ni mchezaji ama ni moshi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Fainali ni Jumamosi," akasema. "Ukiniletea moshi tena, kuna jamaa wa Westlands ameomba hiyo kazi."

Kwa hivyo leo nikaenda tao, katikati ya jiji, na swali moja: ninunue bodi mpya ama ya mtumba? (Bodi ni kamera yenyewe bila lenzi. Nawaeleza nyinyi ambao kazi yenu ni kutabasamu tu.) Nilienda na Otieno. Otieno ni jirani yangu, anauza vipuri vya magari, na zamani alicheza raga mpaka goti likakataa. Hajui chochote kuhusu kamera. Lakini nilitaka mtu wa kuniona nikibishana na mwenye duka. Mimi hubishana vizuri.

Duka liko ghorofa ya tatu, jengo la zamani ambalo lifti yake ilikufa ikasahaulika. Mwenyewe ni Madam Wairimu, mama wa miwani, sauti ya pole, hana haraka na mtu. Akaniwekea bodi mbili kwenye kaunta.

Ile mpya ilikuwa nyeusi tii, nyepesi, inanukia kiwandani, na waranti juu. Ya mtumba ilikuwa ya mpiga picha wa gazeti. Kona zimechubuka mpaka chuma kinaonekana. Raba ya upande imeng'oka ikarudishwa na gundi. Uzito kama tofali.

"Hii imefanya kazi yake," nikasema. "Iacheni istaafu."

"Haijachoka," Madam akasema. "Mwenyewe alikuwa anapigia mpira wa usiku nayo."

"Madam, mimi nimesoma hizi vitu kwa mtandao mpaka macho yakauma. Giza inataka teknolojia mpya."

"Giza, ndio. Lakini mchezaji hasimami akungojee. Hii mpya lazima ifikirie kidogo kabla ya kupiga. Hii ya mtumba haifikirii."

"Na ikinifia katikati ya fainali?"

"Inaweza," akasema bila kupepesa. "Sikudanganyi. Ndio maana nataka ujaribu."

Hapo nikapata wazo. (Mtu angenishika mdomo hapo, ningemshukuru maisha yangu yote.)

"Hapa ndani kuna mwanga kama mbinguni," nikamwambia. "Ukumbi wetu ni kama ndani ya sufuria iliyofunikwa. Wacha nijaribu kwa ngazi."

Ngazi za hilo jengo hazina dirisha, na balbu nyingi zimeungua. Giza safi kabisa, giza la kikazi! Madam akafunga lenzi kwenye bodi zote mbili, nikazining'iniza shingoni, vibandiko vya bei vikiwa bado vimefungwa kwa uzi. "Msiende mbali," akasema. "Nafunga droo nawafuata."

Nikamsimamisha Otieno juu ya ngazi. "Wewe ndio mchezaji. Shuka mbio."

Otieno akashuka kama mtu ametumwa maziwa. Nikaelekeza ile mpya. Ikatafuta. Ikatafuta tena. Ikanguruma kidogo, halafu ikapiga ukuta.

"Otieno! Hiyo ni mbio gani? Kimbia kama kuna mtu anakufuata!"

"Mburu, goti."

"Kwani fainali itangojea goti lako?"

Akanuna. Akavua koti, akalibana kwapani, akaondoka. Wueh! Otieno akikimbia kwenye ngazi ni kama friji imeachiliwa. Nikashika ile ya mtumba, nikamfuata nyuma nikibonyeza. Ta-ta-ta-ta-ta! Kila hatua yake imo ndani. Raha ikanipanda kichwani. Nikasahau niko tao, nikasahau nina nini shingoni, nikapiga kelele kwa sauti yangu yote:

"Huyooo! Huyo! Huyo! Nimempata!"

Mtu yeyote aliyekanyaga Nairobi anajua hilo neno hufanya nini: ndilo la kufukuzia mwizi.

Sasa, ghorofa ya pili kuna chumba ambacho watu wa maofisi hukutana kwa maombi saa ya chakula cha mchana. Nilisikia wimbo ukikatika katikati. Mlango ukafunguka. Wakaona mwanaume mkubwa anashuka mbio akihema, koti kwapani, uso wa mtu aliyeponea chupuchupu. Nyuma yake wakaniona mimi, kamera mbili shingoni, bei zinapepea.

Wakajumlisha haraka haraka. Jibu likawa mimi.

"Ameibia Madam!" mama mmoja akapaza sauti.

Soja anayelinda jengo akapanda kutoka chini na rungu. Akanishika mshipi kwa nyuma, akauinua mpaka nikawa nimesimama kwa vidole vya miguu kama mcheza densi.

"Mimi ni mteja!" nikalia.

"Mteja gani anakimbia na bei?" soja akauliza. (Ni swali zuri. Mpaka sasa sijapata jibu.)

"Muulizeni Otieno! Yule pale chini!"

Otieno alikuwa ameketi kwenye ngazi za chini, ameshika goti, hawezi kutoa neno. Alichoweza ni kuinua mkono na kunionyesha kwa kidole. Wote wakaelewa kwamba ananishtaki.

"Tumtoe huko nje barabarani," sauti ya mwanaume ikasema kutoka nyuma.

Hapo, maze, utani uliisha. Mnajua nje barabarani kuna nini kwa mtu ameitwa mwizi, na hakuna anayengoja maelezo.

Aliyeniokoa ni dada mmoja mrefu, Biblia kubwa mkononi, wenzake walikuwa wanamwita Dada Esta. Akasukuma watu, akasimama mbele yangu na mikono ameitanua. "Hakuna mtu anatoka na yeye hapa," akasema. "Kama ni mwizi, ameletwa mahali pazuri." Akanigeukia. "Ndugu, umekubali ama hujakubali?"

"Kukubali nini?"

"Wokovu."

Nikaangalia ngazi za kuteremka barabarani. Nikamwangalia Dada Esta.

"Nimekubali," nikasema. (Nilishakubali nikiwa darasa la sita, mama yangu alikuwepo. Lakini haikuwa saa ya historia.)

Nikapiga magoti kwenye simiti. Mikono juu, kamera zinagongana kifuani.

"Rudia nyuma yangu," Dada Esta akasema. "Bwana, mimi ni mwizi."

"Bwana, mimi ni mpiga picha."

Soja akavuta mshipi.

"Mwizi," nikasema. "Bwana, mimi ni mwizi."

"Lakini leo nimeacha."

"Lakini leo nimeacha!"

Haleluya ikatikisa jengo. Mama aliyeniita mwizi alikuwa analia machozi ya kweli. Na mimi, sijui ni woga ama ni ile sauti yao, chozi likanitoka pia.

Madam Wairimu akapenya katikati ya watu. Nikashusha pumzi. Akainama, akaniambia polepole, "Nipe hiyo ya mtumba." Akaivua shingoni mwangu. Watu wakapiga makofi, mali imerudi kwa mwenyewe! Madam akarudi nyuma hatua chache, akainua kamera, akanielekezea.

Ta-ta-ta-ta-ta-ta.

Halafu akasema, "Asanteni sana, wapendwa. Huyu ni mteja wangu."

Soja akaachilia mshipi, nikaanguka kifudifudi.

"Umefika saa ngapi hapa?" nikamuuliza nikijipangusa.

"Ulipokuwa unakataa kuwa mwizi."

"Na hukusema kitu?"

"Ningekatizaje watu wakiomba?"

Tukarudi dukani, Otieno akipanda ngazi moja moja akilaani familia yangu. Madam akatuonyesha kioo cha nyuma ya kamera. Ile mpya ilikuwa na ukuta, ukuta mwingine, na kisigino cha Otieno. Ile ya mtumba ilikuwa na mimi: nimepiga magoti gizani, mdomo wazi, chozi katikati ya shavu. Hakuna moshi, hakuna chengachenga. Mkono wa Dada Esta kichwani mwangu unaonekana kila kidole. Nimepiga picha miaka mingi, sijawahi kuona ya giza nzuri kama hiyo, na ni ya aibu yangu.

"Nifungie ya mtumba," nikasema. "Na waranti?"

"Haina. Lakini ukiniruhusu nibandike hii picha hapa nyuma ya kaunta, wateja waone kazi yake, nitakupa neno langu. Ikikufia, irudishe."

Otieno akajibu kabla yangu: "Ameruhusu!"

Kwa hivyo Kochi Nafula atapata fainali yake, nywele kwa nywele, na yule wa Westlands abaki Westlands. Kuhusu hiyo nina uhakika. Lakini Dada Esta, hata baada ya kuelezwa yote, hakuridhika sana. Alichukua nambari yangu ya simu, na jioni hii amenitumia ujumbe: "Ndugu Mburu, Jumatano njoo tena. Usirudie maisha ya kale."

Nimemjibu nitafika. Sasa nyinyi mkicheka, chekeni kwa upole. Mimi bado ni mchanga katika imani.