Hotuba ya Kuzindua Mstari Unaotenga Bahari na Mikoko

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Mikoko, Mheshimiwa Makamu wake, Mheshimiwa Kaimu wa Makamu uliyekalia viti vyote viwili kwa kuwa wenyewe wana udhuru, wakuu wa idara, wadau, wadau wa wadau, mama zangu, baba zangu, na wewe fundi cherehani uliyejishika kiuno hapo mbele, kila mmoja ajione ametajwa kwa cheo chake! (Makofi kutoka viti vyenye mito.)

Ndugu wananchi, maji yakijaa hupenya mikokoni hadi nyuma ya nyumba zenu, yakipwa huwaachia matope mita mia nne na kumi na mbili. Sasa, bahari inaishia wapi? Idara ya Misitu ikasema mkoko ni mti, kwa hiyo pale ni nchi kavu. Idara ya Uvuvi ikasema penye kaa ni bahari. Wakavutana semina kumi na nne, mpaka mimi, niliyeanza kazi kama karani wa stoo na sikubebwa na mtu, nikaingilia kati kwa mkakati wa kisayansi uitwao wastani: tukajumlisha maji kujaa na maji kupwa, tukagawa kwa mbili, na mstari ukapatikana kwa usahihi wa asilimia tisini na tisa nukta tatu! (Makofi. Mluzi mmoja.)

(Fundi cherehani: "Mheshimiwa, huo wastani umenipasulia nyumba! Sebule iko nchi kavu, jiko liko baharini. Nikitaka kuinjika sufuria nikate leseni ya uvuvi?" Vicheko.)

Swali zuri sana, mama, na kitakwimu wewe ndiye mwananchi pekee mwenye sebule na ufuko chini ya paa moja.

("Barua yenu inasema nihame Jumatatu! Miaka kumi na tisa niko pale, maji hayajanilowesha hata kisigino!" Sauti nyuma: "Mpe, shangazi, mpe!")

Bahari kutofika kwako, mama, ni uzembe wa bahari, na tumeshaunda kamati ndogo ya kuufuatilia. (Vicheko, hata kwenye viti vyenye mito.) Lakini ramani ni ramani, haiwezi kukunjwa kwa ajili ya kisigino.

("Basi ifunueni tuione!" Umati: "Tuione! Tuione!")

Muda hauturuhusu. Mikoko hoyee! Wastani hoyee! (Mtu mmoja tu anakohoa.)

Kwa hayo machache, nawashukuru wapimaji, ambao tutawaajiri. Nashukuru setilaiti, ambayo tutaiombea kibali. Namshukuru mchoraji wa ramani, yeyote atakayekuwa. Na kwa namna ya pekee namshukuru katibu muhtasi wangu aliyechapa barua za kuwahamisha, kwani hadi asubuhi hii hiyo ndiyo kazi pekee iliyokwisha kufanyika katika mradi huu, ambao nina imani utapitishwa.

(Fundi cherehani ameichana barua yake vipande vinane. Makofi, safari hii kutoka kwa waliosimama.)