Bei ya Blanketi la Chep Ilivyosomwa kwa Maiki

Nimeaibika leo, marafiki zangu, na aibu yenyewe imesomwa kwa maiki. Spika mbili kubwa! Nasikia hata waliokuwa sokoni Silibwet wamesikia. (Uliyekuwa ukichagua viazi usijifanye hukusikia.)

Ngoja nianze mwanzo, ili mnicheke kwa utaratibu.

Mnajua mimi ni fundi wa nguo. Kibanda changu kimepakana na cha Chepkoech, Chep, anayeuza mitumba. Miaka tisa tumetenganishwa na bati moja. Bati lina tundu, na kwenye hilo tundu tunapitishiana chai, chumvi, chenji na umbea. Nilipotoka Kisii kuja huku sikumjua mtu. Yeye ndiye wa kwanza kunisalimia "Chamgei" na kusimama akingoja nijibu. Nikajibu vibaya, akacheka, akaniletea kikombe cha chai.

Mwezi uliopita akaniambia wanahama. Yeye na mume wake, Baba Faith, wamepata shamba Fort Ternan, watalima miwa. Aliniambia nikiwa nimepiga magoti mbele ya mteja, napima pindo, pini sita mdomoni. Ningesema nini na pini sita? Najua Fort Ternan si Marekani. Mtu anaenda asubuhi na kurudi jioni. Lakini mimi nilizoea kumwita bila kuinuka kwenye stuli.

Kesho yake akaja na gunia la tisheti.

"Kerubo, nishonee blanketi. Tisheti zetu zote, viraka viraka. Nikilala huko nijifunike Silibwet."

"Sawa."

"Na nitalipa. Ukisema bure tunakosana. Wewe unashonea watu bure, halafu unakuja kwa tundu kuomba unga."

Alisema kweli. (Huo ndio ubaya wake, husema kweli asubuhi asubuhi.)

Sasa, mniambie nyinyi wenye akili. Unamwekea rafiki yako bei gani? Nikisema kidogo, atanigombeza. Nikisema kazi ilivyo, nitaonekana namtoza kwa kuondoka. Na kweli nilikuwa nataka kumtoza kwa kuondoka!

Kwangu kila kazi ina kikaratasi chake. Jina la mteja, kazi, bei. Nakifunga kwa pini kona ya ndani, na hesabu naziandika papo hapo kazi ikiendelea. Cha Chep nilikiandika siku kumi na moja. Tisheti ni kitambaa kisumbufu, ukiivuta inavutika kama unga wa chapati uliokandwa, kwa hiyo kila kipande nilikibandikia kitambaa kigumu kwa pasi kabla ya kukata. Na kila kipande kilinisimamisha. Ile ya netiboli ya soko, tuliyofungwa mabao ishirini na mawili, Chep akiwa kipa anayeshangilia wapinzani. Ile ya kwaya. Ile ya mgombea aliyetugawia tisheti na sukari, tukachukua vyote tukampigia kura mwingine. Ile nyeupe tuliyovaa tukimzika mama yangu. Siku hiyo Chep alipanda gari na mimi mpaka Kisii na kulala chini kwenye mkeka siku nne, na hakuelewa neno hata moja la matanga yote. Nilipofika hapo niliacha kushona nikalia. Cherehani ikakaa bure mpaka saa saba.

Kisha nikafika kwenye ya bluu.

Ya bluu haikuwa na maandishi. Aliivaa siku ile ya mvua ya mawe, majani ya chai yakiwa yamechanika kote, tukarudi nyumbani miguu peku tukicheka kama wendawazimu. Nikainusa. Ilikuwa na moshi na sabuni ya kipande. Nikasema, huyu ni Chep mwenyewe. Nikaikunja, nikaitia kwenye mkoba. Sikuikata.

"Kerubo, ya bluu iko wapi?" akauliza siku ya tano, ameweka jicho kwenye tundu.

"Panya," nikasema. "Wameila."

"Woiye! Yote?"

"Yote. Hata kola." (Tisheti yenyewe haina kola.)

Jioni hiyo akaniletea paka wake. Akaniazima paka, jamani! Paka alikaa kibandani kwangu siku tatu akingoja panya wangu wa kubuni, ananitazama kama anajua.

Leo asubuhi nikamaliza. Nikakata shauri kuhusu bei, nikaiandika vizuri kwenye kikaratasi safi: Chepkoech, blanketi, elfu nne. Kwa haraka zangu nikafunga kimoja kwa pini kona ya ndani, na kile cha zamani kilichojaa mikwaruzo nikakitia mfukoni nikitupe njiani. Nikakunja blanketi, nikalifunga utepe mwekundu, nikakimbia. Sherehe ya kuwaaga ilikuwa saa nne nyumbani kwao, na lori la mizigo lilikuwa limeshafika.

Ua lilikuwa limejaa. Chama chetu cha akina mama, wazee wa kanisa, majirani, wakwe. Mursik, yale maziwa ya mgando ya kibuyu, ilikuwa ikizunguka. Msema chochote, yaani mwendesha sherehe, alikuwa Mwalimu, mjomba wa Chep, mwalimu mstaafu. Huyu mzee hawezi kuona maandishi akanyamaza. Hata mfuko wa mbolea anausoma kwa sauti.

Zawadi zikaanza kutangazwa. Sufuria. Jembe. Kuku wawili. Kisha Mwalimu akainua blanketi langu, likafunguka lote mbele ya watu. Watu wakapiga makofi! Mtu akaona tisheti ya kwaya akaanza kuimba. Chep akaziba mdomo kwa mikono miwili. Kwa dakika moja nilikuwa fundi bora kaunti nzima.

"Na hapa kuna ujumbe," Mwalimu akasema, akavaa miwani.

Nikatabasamu. Elfu nne, nikajisemea, bei ya heshima. Nikatia mkono mfukoni kutafuta kitambaa cha kufuta macho.

Nikashika kikaratasi. Nikakitoa. Kilikuwa kile safi.

"Mteja: Chep," Mwalimu akaanza. "Kitambaa cha chini, elfu moja mia mbili. Uzi, mia mbili hamsini. Cha kubandika, mia sita. Siku kumi na moja za kazi, elfu tano mia tano. Jumla, elfu saba mia tano hamsini. Hiyo imekatwa kwa kalamu! Imeandikwa: hapana, ni Chep, elfu nne."

Watu wakacheka vizuri tu. Nikasimama, nikaanza kupita katikati ya viti.

"Ongeza mia tano, aliniambia nikiwa na pini mdomoni. Ongeza mia tatu, Baba Faith anasifu joto la Fort Ternan kila siku, nani alimuuliza."

"Mwalimu!" nikaita. "Mwalimu, hiyo si ya kusoma!"

"Tulia, mama, watu wa nyuma hawasikii," akasema, akasogeza maiki karibu. "Toa elfu moja, alilala kwenye mkeka siku nne. Toa yote. Hii haina bei. Nitaongea na nani kwa hilo tundu?"

Hapo wakaacha kucheka. Nilikuwa nimekwama kati ya mama mnene na sufuria ya pilau. Nikajua kinachofuata. Nilikiandika mwenyewe.

"Ya bluu haikuliwa na panya. Iko chini ya mto wangu. Naomba Mungu, Chep asije akajua."

Vichwa vyote vikanigeukia.

Chep akasimama. Nilitamani ardhi inimeze, na nilitamani anitazame, yote mawili pamoja. Leo ndiyo siku ya mwisho, nikafikiri, na ataondoka akijua rafiki yake ni mwizi na mwongo.

"Kerubo," akasema. Hakuhitaji maiki. "Ile ya bluu?"

"Ile ya bluu. Ya siku ya mvua ya mawe. Nisamehe. Nilitaka nibaki na kitu chako."

"Kitu changu?"

"Ina harufu yako."

Chep akamgeukia mume wake. Mume wake akatazama kuku.

"Kerubo, hiyo si yangu. Ni ya Baba Faith. Anakamulia nayo ng'ombe. Siku ile ya mvua niliivaa tu kwa sababu yangu ilikuwa kwa kamba."

"Nimeitafuta sana," Baba Faith akasema polepole. "Niliambiwa ni panya."

Mungu wangu! Siku sita nimelalia tisheti ya mume wa mtu, na sasa kanisa zima lina taarifa. Mama mkwe wa Chep alinitazama kutoka kichwani mpaka kwenye viatu, akauliza jirani yake kwa Kipsigis, na sikuhitaji kutafsiriwa. Halafu Mwalimu, bado ameshika maiki, akasema, "Karatasi imeisha."

Ua likalipuka. Watu walicheka mpaka mursik ikamwagika. Chep alicheka kuliko wote, ameshikilia nguzo ya hema. Akanifikia pale nilipokwama, blanketi likiwa begani, akanikumbatia bado akicheka, na katikati ya kicheko nikamsikia anageuka kulia. Nikalia na mimi, tukachafua blanketi.

Akatoa pesa kwenye mkoba wake, zimehesabiwa tayari kwa bahasha, akaongeza nyingine juu mpaka zikafika.

"Elfu saba mia tano hamsini. Usinitolee kitu kwa mkeka. Mkeka haukuwa kazi."

"Chep, ni nyingi."

"Ni bei yako, uliiandika mwenyewe. Kesho ukimtajia mteja bei, taja hivyo hivyo usitetemeke. Mimi sitakuwa hapo kukupigia bati ukianza kupunguza."

Kisha akavua sweta lake la kijani, mbele ya wakwe na wazee, akaniwekea mabegani.

"Na hii ni yangu. Uliza mtu yeyote."

Lori limeondoka saa nane. Niliona blanketi limetandikwa juu ya magunia, na Chep amekaa hapo juu na paka wake, anapunga mkono mpaka kona. Nimerudi kibandani. Nimekunywa chai peke yangu. Nimegonga bati mara moja, kwa mazoea tu, na hakuna aliyejibu. Tisheti ya bluu nimeifua, kesho naituma Fort Ternan na salamu za heshima kwa Baba Faith. (Salamu fupi.)

Kwa hiyo kesho ukinikuta kazini jua kali nimevaa sweta zito linalonipwaya, tafadhali usicheke na usiulize. Uliza bei ya nguo yako, nitakutajia, na utalipa yote.