Skrini ya Kudumu ya Wodi ya Wazazi

Ninayo heshima kuutangazia umma kwamba idara yetu ya afya imejenga skrini ya projekta kwa mikono yake yenyewe. Sizungumzii zile za kukunja na kukunjua kama mkeka. Hii ni ya fremu, ya kudumu, pana kuliko gari la Bwana Mkurugenzi. Wanaosema ilikuwa kituko ni walewale wasioitakia mema idara. Mimi ndiye niliyekuwa Katibu wa Kamati ya Skrini, kwa hiyo najua ninachokisema.

Chanzo ni ziara ya Waziri. Bwana Mkurugenzi wetu alikuwa bado anakaimu, na Waziri alikuwa anakuja kufungua wodi mpya ya wazazi. Akiridhika, angemthibitisha. Wodi ilikuwa na kila kitu isipokuwa paa. Sasa, Waziri ni mama mtu mzima, ana magoti yake, na kumtembeza juu ya kokoto ni kumkosea adabu. Kamati ikaazimia aikague wodi akiwa ameketi ukumbini, kwenye filamu. Filamu tulikuwa nayo, tena safi sana. Tuliirekodi katika hospitali ya jirani, kwa kuwa wodi yetu haikuwa katika hali ya kupigwa picha.

Ukuta wa ukumbi ndio uliotuangusha. Rangi imebabuka, na tulipojaribu kuionyesha filamu juu yake, Bwana Mkurugenzi alionekana ana ukurutu shavu zima. Hapo ndipo skrini ilipozaliwa.

Mbao zilikuwepo, zimerundikwa nyuma ya stoo zikisubiri kuwa paa la wodi. Muuguzi mkuu wa wazazi, mama mmoja asiyejua kusema "ndiyo mkuu", alinifuata kuuliza mbao zake zinakwenda wapi. Nilimweleza kwa upole kwamba zimehamishwa kwa muda kutoka sekta ya paa kwenda sekta ya mawasiliano. Akasema kwenye wodi ya zamani wazazi wanalala wawili wawili kitandani na wengine koridoni. Nikamwambia atulie, hilo limeshatatuliwa kwenye filamu. Siku ya pili alirudi kuulizia shuka mpya za wodi. Akanikuta nimeshazishona pamoja na ninazipiga pasi. Alinitazama mpaka pasi ikaunguza kipembe.

Kuwamba kitambaa juu ya fremu kunahitaji itifaki. Bwana Mkurugenzi alipiga pini ya kwanza kwenye kona ya juu, tukapiga makofi. Wakuu wa vitengo wakafuata kwa vyeo, na kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuvuta kuliko bosi, kwa juu shuka ikalegea. Wadogo walikuwa chini, hawaonekani, wakavuta kama wanaoanua hema kwenye upepo. Shuka ikaenda upande. Kamati ilikagua mikunjo hiyo na kuisajili kama mikunjo ya awali.

Likabaki pindo. Bwana Mkurugenzi aliwahi kuona skrini hotelini, na akasisitiza kuwa picha isiyo na pindo jeusi pembeni ni sawa na mheshimiwa aliyesahau tai. Kitambaa cheusi kilikuwa kimoja tu, pazia zito la dirisha kubwa la ukumbi, lile linalotazama wodi. Nililikata mwenyewe. Kisha skrini tukaisimamisha palepale dirishani iwe pazia pia, mgeni asije akachungulia nje bila kibali.

Siku ikafika. Waziri akaketi, akavaa miwani, filamu ikaanza vizuri kabisa. Bwana Mkurugenzi alikata utepe, mdomo umepinda kidogo kwa sababu ya mikunjo ya awali. Lakini jioni ile jua halikuwa limepewa ratiba. Liliteremka nyuma ya wodi, na kwa kuwa halikukuta paa la kulizuia, likapenya moja kwa moja hadi kwenye shuka zetu. Katikati ya vitanda vyeupe vya filamu vikachomoza vivuli vya kuta tupu na ngazi iliyoegeshwa. Msemaji wa filamu akatamka "paa la kisasa lisilovuja", na hapohapo kunguru akatua juu ya ukuta, akajikuna.

Jasho lilinitoka hadi kwenye soksi. Waziri akaagiza projekta izimwe. Ilipozimwa, kivuli kilizidi kuonekana, na alikitazama kwa makini kuliko alivyotazama filamu. Bwana Mkurugenzi akaeleza kuwa ni hitilafu ndogo ya kimwanga. Waziri alimgeukia muuguzi mkuu, aliyesimama mlangoni na aproni yake.

"Mama, wodi iko wapi?"

"Mbao zake ndiyo hiyo fremu, Mheshimiwa. Shuka zake ndizo unazozitazama."

Waziri akavua miwani, akaifuta polepole. Nilidhani tumekwisha. Kumbe wapi.

"Mkurugenzi, nakuthibitisha," alisema.

Tulipiga makofi mpaka viganja vikawasha. Alisubiri tumalize.

"Na ofisi yako, kuanzia kesho, itakuwa ndani ya wodi uliyoijenga. Wewe na kamati yako yote. Wazazi watakaa ofisini kwako mpaka paa litimie."

Ndivyo uhamisho ulivyotekelezwa. Muuguzi mkuu sasa anakalia kiti cha ngozi kinachozunguka, na wazazi wanalala chini ya feni zetu, kila mmoja kitanda chake. Skrini imebomolewa, mbao zimerejea sekta yake ya awali. Nami naandika taarifa hii nikiwa kwenye dawati lililofunikwa nailoni. Ujenzi unakwenda kwa kasi ambayo wataalamu wetu walisema haiwezekani.

Leo mchana mawingu yalifunga. Nikapendekeza tuunde kamati ndogo ya kuratibu upigaji wa misumari. Bwana Mkurugenzi alikuwa juu ya ukuta, shati limelowa mgongoni, misumari mdomoni. Aliitema kiganjani ili anijibu rasmi.

"Katibu," alisema, "funga mdomo ushike ngazi."