Kalori Zangu na Mizani ya Machibya

Jumatatu, 15 Julai 1996

Mimi ni mtu wa bahati. Bariadi nzima hakuna wa kunifikia, na nimetembea Mwanza, Musoma hadi Kisumu, kwa hiyo najua ninachosema.

Mwanangu Joyness anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo. Anataka nimpeleke altareni na suti ya kijivu, ile ya kwenye picha ukutani, niliyofungia ndoa na mama yake. Nimeijaribu. Kifungo na tundu lake haviwezi hata kusalimiana. Mke wangu Domitila kasema tumbo likikataa, kaka yake Shigela ndiye atampeleka. Shigela ana suti mpya na hana tumbo. Adabu pia hana. Kanipapasa kitambi, akauliza shemeji unajifungua lini.

Hapo bahati ikaingia. Kwenye robota la mitumba la jirani yangu Athanasi kumetoka jarida la Kizungu la watu wa misuli. Lina jedwali: ukinyanyua vyuma saa nzima, unaunguza kalori mia tatu na kitu. Kalori ni moto wa chakula. Vyuma Athanasi anavyo: ekseli ya trela, kila upande debe la saruji iliyoganda.

Jumatano, 17 Julai

Nimenyanyua. Mara sita. Kisha nikapumzika huku nimeshika ekseli, na kupumzika umeshika ni kunyanyua pia.

Nikakadiria. Jedwali ni la Wazungu, wananyanyulia kwenye baridi. Kwa jua letu, zidisha mara mbili. Vyuma vyao vinang'aa, saruji yetu haina huruma. Zidisha tena. Athanasi akasema kwa hesabu hiyo ningekuwa majivu. Wivu.

Upande wa chakula jarida lina mkate, soseji na jibini. Ugali haumo. Michembe, viazi vitamu vyetu vya kukausha, haimo. Kwa hiyo havina kalori. Nimekula michembe na karanga mpaka Domitila akauliza kama kuna njaa nimeisikia redioni.

Jumamosi, 20 Julai

Mwezi uliopita zahanati walinipima kilo tisini na nne. Leo mizani yao mbovu, nikaenda kwa Machibya, mnunuzi wa pamba. Huyu nilimwita mwizi juzi tu, mbele ya watu. Tangu hawa wanunuzi binafsi waruhusiwe, gunia langu linatoka nyumbani limeshiba, kwake linafika limekonda.

Lakini mimi sina kinyongo. Nikaning'inia kwenye ndoano ya mizani kama gunia, miguu nimeikunja. Kilo themanini na moja.

Wapagazi wakanipigia makofi. Nikawanunulia wote chai na maandazi, mimi mwenyewe nikala nao, si vizuri kuwaacha wale peke yao. Machibya nimemsamehe yote. Ana mizani nzuri sana.

Alhamisi, 25 Julai

Ndugu kutoka Mwandoya wamefika kwa harusi. Mbuzi kachinjwa. Nilisita kidogo mbele ya supu, nikazikumbuka zile kilo zilizopotea, nikaona nina akiba. Nikala akiba.

Joyness akaniomba nijaribu suti. Nikamwambia mtu wa kilo themanini na moja hajaribu suti, anaivaa. Akacheka. Kisha akanishika mkono, akasema anataka niwe mimi, baba, hataki mjomba.

Jumamosi, 27 Julai

Suruali imekwama mapajani. Nikasema ni misuli. Nikavuta koti, mshono wa mgongo ukaachia wote, kuanzia shingoni.

Domitila akauliza nilipimwa wapi. Nikamwambia. Akakaa kitandani. Akasema baba Joyness, mizani ile ilikula pamba yetu, sasa imekula na tumbo lako.

Joyness akasema twende tu hivyo hivyo na shati. Nikakataa. Nani kamwona baba wa bibi harusi na shati la kutengenezea baiskeli? Gari likapiga honi. Shigela akaingia anaweka tai sawa, na safari hii hakunitania. Hiyo ndiyo iliniuma zaidi.

Kanisani nilikaa benchi la mwisho. Joyness alipopita na mjomba wake alikuwa anatazama huku na huku. Nikainua mkono. Akaniona, akaangalia chini, akaendelea.

Jumapili, 28 Julai

Nimelia tangu watu warudi misani. Kulia kunatikisa kifua, mabega na tumbo kwa pamoja, sawasawa na ekseli. Nimekadiria, nikazidisha mara mbili kwa ajili ya jua. Pilau yote ya jana imeungua, na nimebaki na nafasi ya sahani moja. Domitila kaipakua. Kesho naenda kwa Machibya kuhakikisha.

Lakini nikikumbuka Joyness alivyoangalia chini, naona ile bahati niliyoiandika siku ya kwanza ni uongo. Sina bahati yoyote.