Jenereta Lisilo na Ardhi

Jumatatu, 6 Machi

Iandikwe na ihifadhiwe: leo, saa nne na dakika kumi asubuhi, feni imezunguka.

Si feni ya chumbani, ambayo huzunguka ikijisikia. Ni feni ya karavani yangu, nyumba ya magurudumu niliyobadilishana na pikipiki mbovu, na ambayo sasa imeegeshwa nyuma ya nyumba tunayopanga. Imezunguka kwa umeme wa jenereta langu mwenyewe. Mashahidi: mimi, mke wangu na kuku mmoja wa jirani. Mke wangu ameitazama feni, akaitazama karavani, akauliza kama mama yake ni gunia la saruji hata alazwe kwenye tela. Nimeendelea kuifuta feni vumbi. Wavumbuzi hawajibu.

Mambo yako hivi. Mama mkwe anafika kesho. Tangu afiwe na dada yake waliyekuwa wakiishi pamoja, hataki tena kukaa peke yake. Atakaa kwetu wiki mbili, kwa mwanawe wiki mbili, kisha atachagua pa kuhamia moja kwa moja. Mwanawe ndiye Shemeji, fundi umeme, mtu anayekwenda na bisibisi mfukoni hata msibani. Kwenye kikao cha ukoo alisema, tena wazee wakisikia, kwamba mtu ambaye hata kuku wake walimhama hawezi kukabidhiwa mama. Ni kweli kuku walihama. Hakukuwa na haja ya kulitaja.

Mama atachagua kwangu. Nimekwisha kuamua.

Shemeji amepiga simu kunipa masharti, utadhani mganga. Jenereta likae nje, hatua ishirini kutoka karavani. Ekzosi itazame kwingine. Lisikae chini ya kitu wala karibu na dirisha. Nisilijaze petroli likiwa la moto. Nisichomeke kila kitu kwa pamoja. Na kwamba moshi wake una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Nimemuuliza, kama haionekani wala hainuki, yeye aliijuaje. Akakata simu. Hoja ilimshinda.

Jumanne, 7 Machi

Mama mkwe amefika na begi moja, mto wake na maneno machache. Ameizunguka karavani mara mbili, akagonga tairi kwa fimbo, akauliza inakwenda wapi. Nimemwambia haiendi popote. Akasema basi afadhali, maana yeye amechoka na safari.

Nimetaka aone uwezo wangu wote kwa mkupuo. Nikawasha friji. Feni. Birika la umeme. Pasi, ingawa hapakuwa na nguo. Jenereta likanguruma, likakohoa, likanyamaza. Nimemweleza mama kwamba linapumzika. Akasema hata marehemu mumewe alikuwa hivyo, akisikia kazi nyingi.

Kulikuwa na tatizo jingine dogo, nikalimaliza. Plagi ya waya wangu ina pini tatu, soketi niliyonunua ina matundu mawili. Nimeikata ile pini ya tatu kwa msumeno. Umeme umepita kama kawaida. Pini ya tatu haina kazi yoyote, ipo ipo tu, kama baadhi ya watu katika ukoo huu.

Kwa majivuno yasiyozidi kiasi nikaipiga picha plagi hiyo, nikamtumia Shemeji. Amejibu kwa maneno manne: Jenereta lako halina ardhi.

Nimeusoma ujumbe huo mara saba. Mimi mpangaji, hilo kila mtu analijua, sina hata kipande cha kuzikia paka. Lakini kumwambia mtu mzima kwamba hata jenereta lake halina ardhi? Kwani lake lina hati ya kiwanja? Nimemwonyesha mke wangu tusi hilo. Amecheka mpaka akakaa chini. Akasema ardhi ni waya, ni ule wa pini ya tatu, unaoteremsha umeme uliopotea uingie udongoni usimpige mtu. Nimemwambia nilikuwa najua. Nilikuwa nataka kuona kama yeye anajua.

Jumatano, 8 Machi

Asubuhi nimelipatia jenereta ardhi. Nimejaza ndoo udongo mzuri, mweusi, nikaumwagilia maji, nikachomeka waya wa pini ya tatu katikati. Ndoo nimeiweka ndani ya karavani, chini ya meza. Kama ni udongo umeme unataka, basi udongo huo hapo. Kwa nini uhangaike kwenda mpaka nje?

Saa tano mama mkwe ameshika kitasa cha mlango, akakiachia haraka. Ameniita kwa upole. Mkwe wangu, amesema, mlango wako unauma.

Nimemweleza kwamba ni baridi ya chuma. Akaniomba nikishike mimi. Nimekishika. Nimeruka nyuma hatua mbili, ili nikitazame vizuri.

Shemeji amekuja mchana, bila kuitwa, yaani ameitwa na mke wangu. Ameinama chini ya meza, akaitazama ndoo, kisha akaniuliza nimepanda nini. Mama akasema tusubiri mvua tutajua. Wamecheka mama na mwana kama watu waliokuwa wakisubiri nafasi hiyo tangu harusi yetu. Shemeji amebadilisha soketi, ameleta waya mrefu, mnene, wenye pini zake tatu, amelipeleka jenereta kwenye ua, hatua ishirini, akizihesabu kwa sauti ili majirani wasikie. Ameelekeza ekzosi kwenye uwanja mtupu. Dawa za mama za sukari zimekaa kwenye friji, friji limefanya kazi siku nzima.

Mtu yeyote angeweza kufanya hivyo.

Kabla ya kuondoka amebandika ukutani kidude cheupe, ukubwa wa sahani ya kikombe. Anasema kikinusa hewa ya sumu kitalia, na kikilia watu watoke kwanza, maswali baadaye. Jasusi, kwa kifupi. Ameweka jasusi nyumbani kwangu, mbele ya macho yangu.

Alhamisi, 9 Machi

Hatua ishirini zimeniletea ugomvi. Jenereta sasa liko karibu na ua wa mshona nguo, naye amekuja na futi yake ya kupimia shingoni kulalamika kwamba ngurumo inamfanya aruke mishono. Wateja wake wanavaa makoti yenye mkono mmoja mrefu. Nimemwambia makoti yake yalikuwa hivyo hata kabla ya umeme kugunduliwa. Hakupenda.

Halafu kuna wezi. Halafu kuna mvua. Halafu kuna ukweli kwamba kila mpita njia huuliza kama ni jenereta la Shemeji, kwa kuwa linakaa pale alipoliweka yeye.

Baada ya chakula cha mchana akili imenijia yenyewe, kama inavyowajia watu wachache. Chini ya karavani mna nafasi. Nimelisukuma jenereta humo, nikalizungushia mabati pande tatu. Mvua hailipati, mwizi halioni, ngurumo imepungua kwa zaidi ya nusu. Mshona nguo mwenyewe ametoa kichwa dirishani kuuliza kama limekufa. Kwa uvumbuzi huo tu watu wengine hupewa nishani. Mimi nimepewa swali: mke wangu ameuliza moshi unapitia wapi. Nimemwambia moshi una akili zake, utatafuta njia.

Haikupita robo saa, kile kidude cha Shemeji kikaanza kulia. Pi, pi, pi, bila adabu, mama akiwa ndiyo kwanza amejinyoosha. Nilitarajia. Mtu akishindwa kukusema mwenyewe hukutumia kidude kikuseme. Nimetoa betri zake, nikazitia kwenye redio. Mama ameuliza kilikuwa kinalilia nini. Nimemwambia kilikuwa na njaa.

Amelala mpaka saa kumi na moja. Ameamka akilalamika kichwa. Nimemwambia ni maharage.

Ijumaa, 10 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi la zahanati. Mwandiko si mzuri.

Asubuhi mama alikuwa mzima. Alifua kitambaa chake, akamtania mshona nguo. Baada ya chakula akaingia kupumzika. Kulikuwa na upepo, nikamfungia madirisha yote, maana niliona upepo ndio uliomletea kichwa jana. Nikawasha jenereta. Friji, feni, basi. Hata masharti ya Shemeji niliyafuata hapo, sikuzidisha mzigo.

Saa tisa mke wangu amempelekea chai. Nimemsikia akiita Mama, Mama, mara ya tatu kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Nimekimbia. Mama alikuwa amekaa kitandani, macho wazi, uso mwekundu wa ajabu, anamwita mke wangu kwa jina la dada yake aliyefariki. Anamwambia asogee, wakae wote. Miguu yake ilikuwa haimtii. Tumemtoa kwa kumburuta, mke wangu kichwani, mimi miguuni. Nimerudi ndani kuchukua ndara zake, na huko nikajiona nimekaa chini bila kukusudia. Mshona nguo ndiye aliyenivuta kwa ukosi. Shati limechanika. Amesema atalishona.

Muuguzi amemvalisha mama kinyago cha oksijeni. Akaniuliza jenereta lilikuwa wapi. Nikasema nje. Akauliza nje wapi. Nikasema nje, upande wa chini. Ameiweka kalamu mezani taratibu, akasema hewa ile hupenya kwenye sakafu kama maji kwenye kikapu, na mtu aliyelala huwa haamki kuuliza. Nusu saa nyingine tu, amesema, akaenda kukaza mkanda wa kinyago.

Mama ni mwepesi. Sikujua hilo mpaka nilipomshika miguu.

Shemeji amefika mbio, bisibisi mkononi, nafikiri alisahau kuiweka. Nilijiandaa kwa matusi, nilikuwa na majibu mawili mazuri. Hakunitukana. Alisimama mlangoni akamtazama mama yake akipumua, kisha akaniuliza kidude kilikuwa hakilii? Nimemwambia betri ziko kwenye redio. Akatingisha kichwa, akatoka, akaenda nyumbani kwangu kulizima jenereta. Mke wangu amekaa upande wa pili wa kitanda. Hajanisemesha tangu saa tisa.

Jumapili, 12 Machi

Mama ameruhusiwa. Daktari anasema yuko salama, apumzike mahali penye hewa. Amesema neno hewa akinitazama mimi.

Mama ameketi kwenye benchi la zahanati, ametuita sote watatu. Amesema hahitaji tena wiki mbili wala nne, amekwisha kuchagua. Atahamia kwa mwanawe. Shemeji hakufurahi hata kidogo, jambo lililoniudhi zaidi. Mtu akishinda ashangilie, ili aliyeshindwa apate cha kumchukia.

Kisha mama amenishika mkono. Mkwe wangu, amesema, najua ulitaka nikae. Lakini wewe ukimpenda mtu, mtu huyo anahitaji daktari.

Mke wangu amecheka kidogo, mara ya kwanza tangu Ijumaa, halafu akalia, halafu akaenda kumfungia mama begi. Mimi nimebeba mto.

Jumanne, 14 Machi

Siku mbili nimefikiri, na nimeona kosa lilipokuwa. Nashangaa wasomi wote wa zahanati ile hawakuliona.

Moshi hupanda. Kila aliyewahi kuwasha kuni anajua. Jenereta lilikuwa chini, watu juu, kwa hiyo moshi ulipopanda ukawakuta. Kosa lilikuwa la mpangilio tu. Jenereta likae juu, watu chini, moshi uende zake mbinguni. Tena juu ya paa la karavani kuna tundu la kuingizia hewa, nikiliweka kando ya tundu hilo, hewa inayoingia italipoza njiani. Shemeji na hatua zake ishirini hakuwahi kufikiria hatua za kwenda juu.

Mama akisikia atarudi. Namfahamu, hana kinyongo. Nitamtumia picha, na Shemeji naye nitamtumia, asome mwenyewe.

Kazi imeanza saa mbili asubuhi. Kamba, ngazi, godoro la kukinga paa. Mshona nguo amekataa kushika kamba, amesema atashika simu awe tayari kumpigia muuguzi. Jenereta lina uzito wa ndama mkaidi. Limeteleza mara mbili, mara ya pili likabaki na kucha yangu moja. Saa sita na nusu limekaa juu, limetulia, linapendeza. Majirani wamesimama kutazama. Nimefuta jasho, nimewaambia wasogee, nimevuta kamba ya kuwashia.

Halikuwaka. Nimevuta tena. Nimebadilisha mkono. Nimevuta mara sitini na mbili, majirani wakihesabu kwa sauti.

Mke wangu alikuwa chini akianua nguo. Alimaliza kukunja shuka, akaniambia kwamba plagi ya injini, ile inayorusha cheche, iko mfukoni mwa kaka yake tangu Ijumaa.